Akhwari Hakuwa Mazoezini

*Hotuba kwa wanachama wa klabu ya mbio, Dodoma. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.*

Ndugu Mwenyekiti wa klabu, ndugu viongozi, wazee wangu, shikamooni. Wakimbiaji wenzangu, mbukwenyi! Itifaki imezingatiwa. Naona wengine mmekuja na raba na bukta, kwa hiyo nadhani mwaliko mliusoma haraka haraka. Leo hatukimbii. Leo tunakaa. (Kicheko.) Na kukaa nako ni mazoezi, nitalirudia hilo mpaka mchoke.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie ugumu wa mazoezi ya mbio ndefu, wa mwili na wa akili. Nikamuuliza, kuna mtu pale kwenye klabu anahitaji kuambiwa kwamba ni magumu? Kila mmoja wenu ameshapanda kile kilima cha kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma jua likiwa limeshachomoza. Mmeshakimbia barabara ya Singida upepo wa Julai unawapiga usoni, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Ugumu mnaujua. Ninachobishana nanyi ni mahali ulipo. Wengi wetu tunadhani uko kwenye kujilazimisha. Mimi nasema kujilazimisha ni kazi rahisi, watu wa klabu hii mnaiweza vizuri mno. Kazi inayotushinda ni kujizuia.

Niruhusuni nianze na mzee wetu wa Mbulu.

Mwaka 1968, Mexico City. Mji uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi. Tarehe 20 Oktoba wanaume 75 wanaanza marathoni ya Olimpiki, na mmoja wao ni John Stephen Akhwari. Kabla ya nusu ya njia, katika kugombea nafasi, anaanguka. Goti linaumia vibaya, bega linagonga barabara. Anafungwa bandeji, anaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia anashinda kwa saa 2:20:26. Jua linazama, watu wanaanza kuondoka uwanjani. Zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Akhwari anaingia akichechemea, bandeji ikining'inia mguuni, na anamaliza. Alikuwa wa 57, na waliomaliza walikuwa 57. Wengine 18 walishaacha njiani.

Nani hapa hajawahi kutumiwa ile video? Nyoosheni mikono. Hakuna. Kila baada ya wiki chache kuna mtu anaiweka kwenye kundi letu. Na mkichunguza, anayeiweka mara nyingi ni mtu ambaye wiki hiyo mguu unamuuma. (Kicheko.)

Ndugu zangu, Akhwari hakuwa mazoezini siku ile. Narudia: Akhwari hakuwa mazoezini! Alikuwa kwenye Olimpiki, amevaa jezi ya taifa changa, kwenye siku ambayo maandalizi yake yote yalikuwa yanaielekea. Wewe uko Nzuguni, ni Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, na mbio unazojiandaa nazo ziko miezi minne mbele. Ukimaliza mzunguko wa Jumanne ukichechemea, umemaliza nini? Umewakilisha nani? Jumatano huwezi kushuka ngazi za ofisini. Ushujaa una siku yake, na siku hiyo ukifika nitakuwa wa kwanza kukupigia makofi. Ila usiutumie ushujaa wa mzee wetu kama cheti cha kumkimbia daktari.

Sasa twende kwenye mwili wenyewe, maana hapa watu wanaumia kwa kutokujua.

Mtu akianza mazoezi leo, akayafanya kwa mpangilio, ndani ya wiki chache anaona mabadiliko. Ujazo wa damu unaongezeka, moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mapigo ya asubuhi yanashuka. Kile kilima kilichokuwa kinamkata pumzi anakipanda huku anapiga soga. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa sababu moyo na mapafu vimeshasema "twende", misuli imeitikia, lakini mifupa na kano bado viko nyuma. Hivyo vinahesabu kwa miezi.

Fundi akija kukarabati ukuta wa matofali ya udongo hapaki lipu juu ya ufa akaondoka. Anabomoa kwanza palipochoka, halafu anajenga. Mfupa nao uko hivyo. Ukiupa mzigo mpya, mwili unaondoa kwanza sehemu iliyochoka, kisha unaweka mpya iliyo imara zaidi. Katikati ya kubomoa na kujenga kuna kipindi ambacho mfupa ni dhaifu kuliko siku ulipoanza mazoezi. Mnajua ni kipindi gani? Ni zile wiki ambazo unajisikia simba. Kilomita zinateleza, unaongeza tano juu ya tano, na mguu una tundu ukutani.

Kuna kijana mmoja, mtumishi, alihamia hapa kikazi. Sitataja wizara, maana mtamtafuta. Alianza vizuri na kilomita tano tano. Mwezi haujaisha akaruka mpaka kumi na tano, kwa sababu kuna mwenzake ofisini anakimbia kumi na tano. Akaanza kusikia maumivu kwenye muundi, sehemu moja tu, unaweza kuifunika kwa kidole. Akanywa diklofenaki, akakimbia. Maumivu yakarudi, akanywa tena, akakimbia mpaka Ihumwa na kurudi. Nilipomwambia apumzike akanijibu, "Kocha, kwani Akhwari aliacha?" Mnaona sasa nilikotoa kichwa cha habari cha leo? Akaenda kupiga eksirei, ikawa safi. Akaja kunitambia na ile picha! Ufa wa namna hiyo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei za mwanzo, unachelewa. Wiki kadhaa baadaye alikuwa anashindwa hata kutembea kwenda dukani, akapigwa picha nyingine, ufa huo hapo. Mbio alizokuwa anajiandaa nazo alizitazama akiwa na magongo, na kusema kweli alikuwa shabiki mzuri, alipiga kelele kuliko wote.

Kwa hiyo tukubaliane kuhusu maumivu. Vigimbi kukaza siku mbili baada ya mazoezi magumu, mapaja yote mawili kuuma ukishuka ngazi, hayo ni ya kawaida, yanakuja na kwenda. Lakini maumivu yaliyokaa sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayozidi kadiri unavyokimbia, yanayobadilisha mwendo wako mpaka watu wa nyuma wanauliza una nini, au yanayokuamsha usiku, hayo hayajadiliwi na mwalimu wala na video. Unasimama. Unapanda bodaboda unarudi nyumbani, na hakuna wa kukucheka hapa. Akikucheka mlete kwangu.

Na hizo diklofenaki na ndugu zake, naomba tuziache mezani. Zinazima kengele bila kuzima moto, hilo moja. Lakini kubwa zaidi ni figo. Dawa za jamii hiyo zinapunguza damu inayofika kwenye figo, na mtu aliyekimbia kwa muda wa saa tatu juani, amekaukiwa maji, figo zake tayari ziko kwenye shida. Ukimaliza mbio ukaona mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea, usisubiri kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mtaniuliza, sasa tufanye nini kocha? Jibu langu mmeshalisikia, na ndilo mnalolichukia: kimbia taratibu. Sehemu kubwa ya kilomita za wiki iwe ya mwendo ambao unaweza kusema sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kumsimulia mwenzako mechi ya jana, umezidisha. Wakimbiaji wakubwa wa dunia, wale wanaokimbia marathoni kwa saa mbili na dakika chache, kilomita zao nyingi za wiki wanazikimbia kwa mwendo ambao kwao ni wa kuchezea. Wewe je? Kila siku unashindana, na bodaboda, na saa ya mkononi, na mzee wa mtaa wa Kikuyu anayekupita ukiwa umechoka. Nawaambia ukweli, sijawahi kupata shida kumfundisha mtu kukimbia kwa kasi. Kumfundisha mtu apitwe akanyamaza, hiyo ndiyo shughuli.

Nije kwenye chakula, na hapa ndipo mwili na akili vinapochanganyikana mpaka huwezi kuvitenganisha.

Dada mmoja wa klabu hii alikuwa kwenye mazoezi marefu, njia ya Hombolo. Karibu kilomita ya 28 akasimama, akaanza kulia. Akasema yeye si mkimbiaji, hana moyo, anawapotezea watu muda, anataka kurudi kwa mama yake. Nikamuuliza asubuhi amekula nini. Chai ya rangi. Jana usiku? Alikuwa na shughuli, alikula kidogo tu. Njiani je? Maji. Tukampa ndizi mbili na maji ya glukosi, tukatembea naye. Haikuchukua muda, akaanza kuwagombeza vijana wa gari la maji kwa nini wamepaki juani. Hapo nikajua amepona. (Kicheko.)

Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini. Akiba hiyo kwa mtu wa kawaida ni kama nusu kilo hivi, na kwa wengi wetu inakaribia kuisha mahali fulani karibu na kilomita ya 30. Mafuta bado unayo, hata mwembamba kuliko wote hapa anayo ya kumfikisha mbali, lakini kuyachoma ni kazi ya polepole, kwa hiyo kasi inaporomoka. Na ubongo wenyewe unategemea sukari ya damu. Ikishuka, unaanza kuwaza mabaya. Nani alinituma? Kwa nini nimelipa kiingilio? Mke wangu hanipendi. Ndugu zangu, kabla hujajihukumu kwamba huna moyo, jiulize umekula nini. Nyingi ya zile sauti za kilomita ya 30 ni njaa inazungumza.

Dawa yake ni kula kabla na kula njiani, na kujifunza kula njiani wakati wa mazoezi, usisubiri siku ya mbio kulijaribisha tumbo lako. Ndizi, tende, glukosi, chochote ambacho tumbo lako linakikubali. Ugali wetu wa uwele na mtama ni wanga mzuri sana jioni ya kuamkia mbio. Mlenda nao mzuri, ila sikushauri ule bakuli zima saa mbili kabla ya kuanza. Jaribu ukitaka, halafu uje utusimulie.

Kuhusu maji, Dodoma inadanganya. Hewa yetu ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unadhani hutoki jasho mpaka unapapasa uso unakuta chumvi. Kwa hiyo kunywa. Lakini pia kuna wanaokunywa kupita kiasi, kila kituo chupa nzima, hawana kiu wanakunywa tu kwa sababu wameambiwa. Chumvi ya damu inapungua, mtu anavimba vidole, anaumwa kichwa, anachanganyikiwa, na watu kwa huruma wanamwongezea maji mengine. Hilo limeshaua watu kwenye marathoni duniani. Kiu yako iheshimu, na chumvi usiisahau.

Kina dada, na nyie kina baba wenye mabinti sikilizeni. Msichana anayeongeza kilomita huku anapunguza chakula ili awe mwepesi, akakosa siku zake kwa miezi, asifurahi kwamba amepata nafuu. Huo ni mwili unasema hauna nguvu za kutosha, na mifupa ndiyo inayolipa. Aende hospitali, aongeze chakula. Na chai, wapenzi wa chai, inazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri kutoka kwenye mboga na maharage. Kula kwanza, chai baadaye. Najua hapa nimejipatia maadui.

Sasa akili. Hapa nataka kuwasimulia watu wawili wa kanda yetu hii hii, mmoja wa Dodoma na mmoja wa Singida, maana tunasafiri mbali kutafuta mifano wakati iko mlangoni.

Wa kwanza ni Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma. Vijana wa chini ya miaka thelathini, mnamjua? Naona wachache. Michezo ya Jumuiya ya Madola, Brisbane, 1982. Ikangaa alitoka mapema na Mtanzania mwenzake Gidamis Shahanga, wakaongoza kwa mbali. Nyuma, Mwaustralia Robert de Castella alitulia, akala pengo kidogo kidogo, akamkuta Ikangaa mwishoni, wakapokonyana uongozi, na De Castella akashinda kwa saa 2:09:18. Ikangaa 2:09:30. Mwaka 1988 akaenda Boston. Kilomita 42 na ushei, akapigwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja. Sekunde moja! Mwaka 1989 akarudi Boston, wa pili tena. Mwaka 1990 akarudi, wa pili tena.

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mara tatu mfululizo wa pili kwenye mji ule ule. Lakini kuna kitu nimekiruka kwa makusudi. Kati ya Boston ya 1989 na ile ya 1990, Ikangaa alikwenda New York, Novemba 1989, akashinda kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia ile kwa wakati huo. Kwa hiyo yule "mtu wa pili" alikuwa anaamka asubuhi na kufanya mazoezi ya mtu wa kwanza. Ninachokipenda kwake ni hicho: zile asubuhi za baada ya kushindwa. Hakuna kamera siku ya Jumatatu baada ya Boston. Akili ya mkimbiaji wa mbio ndefu inapimwa pale, siku ambayo huna hamu, hakuna anayekuangalia, na programu inasema kilomita kumi na mbili za taratibu.

Wa pili ni jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu. Olimpiki ya Rio 2016, wa tano. Mashindano ya Dunia London 2017, shaba. Olimpiki iliyofanyika 2021, wa saba. Aprili 2025, Boston, wa pili, ule mji una nini na sisi sijui. Kisha tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, joto na unyevunyevu mpaka waandaaji wakawahisha mbio zianze saa moja na nusu asubuhi. Amanal Petros wa Ujerumani anatangulia mwishoni kabisa. Mstari wa kumalizia unaonekana, na Simbu bado hajamshika. Hajamshika. Hajamshika! Anamshika pale pale mstarini. Wote wawili saa 2:09:48, tofauti sekunde 0.03, ikabidi picha iamue. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha. (Makofi.)

Mlipiga kelele siku ile, nilizisikia mpaka kwangu. Lakini mlitazama mita mia za mwisho. Mimi naomba mkatazame zile kilomita 42 za kabla, jinsi alivyokaa ndani ya kundi, anapitwa, haongozi, hajibu kila anayechomoka. Alikuwa anajizuia. Zile nguvu za mstarini zilikuwepo kwa sababu hakuzimwaga kilomita ya 15 ili aonekane kwenye televisheni.

Sisi tunazimwaga wapi? Kwenye simu. Mtu anakimbia Jumapili asubuhi, siku yake ya taratibu, anaangalia programu ya simu anaona jirani jana alikimbia kwa kasi zaidi, basi anaharibu wiki nzima ili namba yake ipendeze. Nimeshawaambia baadhi yenu muifute. Mmegoma. Basi angalau siku za taratibu iacheni nyumbani.

Kwenye yale mazoezi marefu ya upweke, gaweni njia. Usiibebe kilomita 32 kichwani kuanzia hatua ya kwanza. Mungu ametupa mibuyu katika mkoa huu, tuitumie: kimbia mpaka mbuyu ule. Ukifika, tafuta mwingine. Redio za masikioni acheni, hasa barabara ya Morogoro, malori yale hayana habari nanyi. Kimbieni upande wa kulia mkiyatazama yanavyokuja. Kina dada msitoke peke yenu kabla hakujapambazuka, na kina kaka wanaokaa jirani nao, kuwapitia ni wajibu, msingoje kuombwa.

Na kuna kuchoka ambako si kwa misuli. Ukiona hupati usingizi ingawa umechoka, unamfokea mwanao bila sababu, mapigo ya asubuhi yako juu ya kawaida yako siku kadhaa, mazoezi uliyokuwa unayapenda unayaogopa, huo si uvivu. Umezidisha. Pumzika mpaka hamu irudi. Na kama giza la moyo haliondoki hata baada ya kupumzika, mbio zinasaidia watu wengi lakini haziwezi kuwa daktari wako. Ongea na mtu, nenda hospitali. Hapa wanaume ndio nawatazama zaidi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia kwa ratiba. Jumamosi tunakutana Nyerere Square saa kumi na moja na nusu alfajiri, kilomita 18, mwendo wa kuongea. Nitakuwa nyuma kabisa na baiskeli. Atakayetangulia mbele ya kiongozi wa kundi atanunua ndizi za watu wote wiki inayofuata, na bei ya ndizi sokoni Majengo mnaijua.

Maswali? Mama pale nyuma ameuliza kuhusu raba za mtumba, kama zinafaa. Zinafaa, mama, mimi mwenyewe ninazo. Ila ibonyeze soli ya katikati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu haibonyei, iache hata kama juu inang'aa, maana ile sponji inachoka na umri hata kiatu kisipovaliwa. Igeuze uangalie imelika wapi. Ikiwa imelika upande mmoja, hiyo ni miguu ya mtu mwingine, usiinunue. Na nunua jioni, mguu ukiwa umetanuka, ubaki na nafasi ya kidole gumba mbele. Nani mwingine?